Ngozi ya upanga haina kiu: ala na mipini katika hewa ya Lamu

Harusi ikikaribia, upanga hutolewa kashani, na kinachofuata ni chupa ya mafuta ya nazi. Ala imefifia, ngozi ya mpini inaonekana kavu, na bwana harusi atasimama nao mbele ya watu akiwa na joho na kilemba. Basi hupakwa mafuta na kusuguliwa mpaka ing'ae. Siku ile hupendeza kweli. Masika yakiingia, ala ile ile ina madoa ya koga, ina utando wa kijani pembezoni mwa shaba, na ukiikamata inanata viganjani.

Nayalaumu mafuta, lakini zaidi nayalaumu maelekezo tunayoyafuata. Mengi yaliyojaa mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko nyumba hupashwa moto kwa miezi, hewa ya ndani hukauka, na ngozi hupasuka kwa ukavu. Ndiyo maana wao huhimizana kuipaka mafuta kila mara. Sisi tuko kisiwani. Siku nyingi za mwaka unyevu wa hewa Lamu uko juu ya asilimia 70, na kuvu huanza kuota kwenye ngozi unyevu ukipita asilimia 65 hadi 70. Ngozi iliyo katika hewa hiyo hujivutia maji yenyewe. Ikionekana kavu, aghlabu kilichokauka ni uso wake tu: vumbi, chumvi, na nta ya zamani iliyochuja. Ukiongeza mafuta juu ya hayo, umeiandalia kuvu futari.

Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuondoa. Kupaka huja mwisho, na mara nyingi hakuji kabisa.

Ijue ngozi kabla ya kuigusa

Upanga wa mwambao wa mtindo wa Kiomani, ule mnyoofu wenye mpini mrefu wa mviringo usio na kinga ya mkono, ala yake ni mbao mbili nyembamba zilizobanwa pamoja na kuvikwa ngozi, mshono ukipita kwa urefu. Mpini nao ni mti uliovikwa ngozi, au uliozungushiwa uzi wa fedha. Ngozi za zamani za aina hii zimedabaghiwa kwa mimea, yaani zimetengenezwa nayo ili zisioze, na mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa magome yana kazi gani: magome ya mikoko yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kudabaghia ngozi za watu wengine, sambamba na boriti. Ngozi ya magome ikilowa hulainika, ikikauka hushupaa na kujikunja. Ikigusana na chuma ikiwa na maji hugeuka nyeusi, kwa sababu tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome, ikikutana na chuma hufanya wino. Doa la namna hiyo liache lilivyo. Asidi za kulitoa zipo, ila huchukua na ngozi pia.

Sime ni habari nyingine. Ala ya sime ya Kimaasai ni mbao zilizovikwa ngozi mbichi, ile ambayo haikudabaghiwa: ilivutwa ikiwa na maji, ikakaukia palepale, ikatiwa rangi nyekundu. Ni ngumu kama pembe. Ukiilowesha inarudi ilivyokuwa siku ya kuchunwa. Inavimba, inateleza, na ikikauka mara ya pili hujivuta upya na kukata mshono. Ile rangi nyekundu nayo hutoka hata kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. "Ngozi ivute i maji" ni maneno ya mwamba ngoma. Mwenye ala ya sime na asiyasikilize.

Panga mpya za kuagizwa nyingi zina ngozi ya kromu, iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromu badala ya magome. Tazama mahali ilipokatwa: ya magome ni kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au buluu katikati ya unene wake. Kromu huvumilia maji zaidi. Nyingine si ngozi hata kidogo, ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa, na hiyo ikianza kubambuka haina dawa. Ukikutana na mpini wenye chembechembe ngumu kama lulu ndogo, hiyo ni ngozi ya taa, taa yule yule wa baharini. Hiyo haitaki mafuta kabisa; brashi kavu inaitosha.

Kisha fanya majaribio mawili, mahali pasipoonekana, kama chini ya pete ya shaba ya ala au upande unaogusa nguo. La kwanza: sugua polepole kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na weusi, ni uchafu. Kikitoka na rangi ya ngozi yenyewe, rangi haijashika, na maji yasikaribie hapo. Kikitoka na unga mwekundu-kahawia kama matofali yaliyosagwa, simama. Huo ni uozo mwekundu. Ngozi ya magome imenyonya moshi wenye salfa kwa miaka mingi, ndani yake imefanyika asidi, na nyuzi zake zimekatika. Haurudi nyuma. Maji hufanya sehemu hiyo iwe nyeusi na ngumu papo hapo, na mafuta huigeuza tope. Kinachoweza kufanyika ni kuushika ule unga usiendelee kumwagika: gramu 2 za Klucel G (unga wa gundi ya selulosi) katika mililita 100 za ethanoli safi, ziache usiku kucha mpaka ziyeyuke, kisha pitisha kwa brashi laini mara mbili au tatu, ukiacha pakauke kila mara. Hiyo haiponyi ngozi. Inaishikilia tu. Na kama upanga ni wa zamani kweli, wenye maandishi au fedha, uonyeshe watu wa makumbusho kabla hujafungua chupa yoyote.

Jaribio la pili ni tone la maji, dogo kama chembe ya ulezi, kwa ngozi isiyo mbichi na isiyo na uozo mwekundu. Likikaa juu dakika moja au mbili bila kuzama, ngozi bado ina nta na mafuta yake, haihitaji chochote. Likizama kabla hujahesabu tano, basi uso umefunguka, na ukimaliza kusafisha unaweza kufikiria kupaka.

Kuchomoa

Hapa watu hukatika vidole. Usiikamate ala kwa kuizungushia mkono mzima. Uzi wa mshono ukiwa umeoza, makali yanayovutwa huupasua, na kama vidole vyako viko juu ya mshono yatapita navyo. Bana ala kwenye mabapa tu, gumba upande huu na vidole upande wa pili, kisha vuta polepole. Kitara chenye makali upande mmoja kivutwe kikiwa kimeegemea mgongo wake. Upanga wa makali mawili hauna mgongo wa kuuegemea, kwa hiyo vaa glavu nene ya ngozi na usijione shujaa.

Ukishatoka, upanga ulazwe mbali na ala yake, na ubaki huko. Nitarudi kwenye hilo.

Brashi kwanza, na mara nyingi brashi basi

Tandika kitambaa cha marekani juu ya meza, tafuta brashi ya rangi ya nywele laini yenye upana wa sentimita 3, na ufunge tepu kwenye bati lake lisije likakwaruza. Anza mdomoni mwa ala, shuka mpaka nchani, kwa mwelekeo mmoja. Kwenye mshono tumia mswaki laini wa mtoto. Mchanga wa ufuo wa Shela ni mwembamba, na kila punje iliyokwama kwenye tundu la sindano hukata uzi kidogo kidogo kila ala inapotikisika. Kama una mashine ya kunyonya vumbi, funga soksi ya nailoni mdomoni mwake na uipitishe kwa nguvu ndogo, sentimita moja juu ya ngozi.

Ndani ya ala hakuingizwi kitu. Geuza mdomo chini, gonga kwa kiganja mara kadhaa, na utashangaa kitakachomwagika: mchanga, unga wa kutu, mabawa ya wadudu. Kitambaa kilichofungwa kwenye waya kitakwamia katikati, na hutakitoa bila kubandua mbao. Kumimina mafuta ndani "ili upanga uteleze" ni kosa baya zaidi, kwa kuwa mbao huyanywa, gundi huachia, na mafuta hutokea upande wa nje kama madoa meusi yasiyotoka.

Robo saa ya brashi inatosha ala moja. Itazame tena kwenye mwanga wa mchana. Nusu ya ala zilizodhaniwa zinahitaji mafuta zilihitaji hiki tu.

Mambo meupe mawili

Weupe juu ya ngozi huwa wa aina mbili, na watu huzichanganya. Koga ina vinyweleo, ina harufu ya kasha lililofungwa, na hukaa kwa mabaka. Nyingine ni mafuta yenyewe yaliyotoka ndani na kuganda juu kama ukungu wa nta, laini na sawasawa. Ili kuzitofautisha, shika kikausha nywele sentimita 20 kutoka hapo, kwa joto dogo, sekunde kumi na tano. Mafuta huyeyuka na kupotea. Koga hubaki ikikutazama.

Ikiwa ni mafuta, futa kwa kitambaa kikavu na uchukue onyo: ngozi hii imeshiba zamani.

Ikiwa ni koga, itoe nje, simama upepo ukiwa mgongoni, funika pua na mdomo, na uibrashi. Usifanye hivyo chumbani, maana utaipandikiza kwenye magodoro na nguo. Kisha ala ikae barazani kivulini, penye upepo unaopita, siku mbili au tatu. Jua la mchana lisiipate: mbao za ndani hunywea upande mmoja, ngozi hujivuta, mshono hufunguka. Baada ya hapo pitisha pamba iliyoloweshwa spiriti ya asilimia 70 na kukamuliwa, lakini ujaribu kwanza mahali pa siri, kwa kuwa spiriti hutoa rangi na vanishi za zamani. Kufukiza udi si tiba. Koga inabaki palepale ikinukia vizuri, na moshi unaacha utomvu ambao vumbi huupenda.

Maji, kama hapana budi

Maji ya kisima ya mjini yana chumvi, na chumvi ikibaki kwenye ngozi huvuta unyevu kutoka hewani milele. Maji ya jabia, lile tangi la kuhifadhia maji, ni matamu kunywa, ila jabia limesakafiwa kwa chokaa, na chokaa haipatani na ngozi. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo mara mbili, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo kwa chupa inayofanana.

Ngozi iliyodabaghiwa ni ya uchachu kwa asili; pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 4 hadi 5. Sabuni ya mche na ya unga zote ziko upande wa pili kabisa, kwenye 9 au 10. Zikikutana na ngozi huchukua tanini na rangi, na kinachobaki hukauka kigumu na kupasuka. Basi matone matatu ya shampuu ya watoto, ile ya kawaida isiyo na mafuta, katika nusu lita ya maji. Chovya kitambaa cha pamba, kikamue, kikamue tena, kisha kigusishe nyuma ya mkono wako: uhisi ubaridi lakini ngozi yako isionekane imelowa. Hicho ndicho kipimo.

Fanya eneo la sentimita 5, lifute hapo hapo kwa kitambaa cha maji matupu kilichokamuliwa vivyo hivyo, kausha, ndipo usogee. Ruka mshono na ruka kando ya shaba. Usisugue duara moja kwa muda mrefu ukidhani doa litakubali. Litatoka na rangi, na utabaki na doa jeupe badala ya jeusi. Ukimaliza, laza ala juu ya vitambaa viwili vilivyokunjwa ili hewa ipite chini, kivulini, saa 48. Ala ya ngozi tupu, isiyo na mbao ndani, iwekewe ubao mwembamba uliofungwa plastiki ili isijikunje inapokauka. Usiiwekee upanga wenyewe kama kalibu. Huo utaota kutu usiku wa kwanza.

Uji wa kijani kwenye shaba

Ule utando wa kijani unaonata kando ya pete na kofia ya ncha hautokani na bahari. Mafuta ya ngozi yana asidi, asidi hiyo hula shaba, na kinachozaliwa ni sabuni ya shaba. Kadiri unavyopaka mafuta, ndivyo unavyoilisha. Utoe kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa pini wala kisu, halafu ufute masalia kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, ukivuta kutoka kwenye ngozi kuelekea kwenye chuma.

Kung'arisha shaba ni ugonjwa wetu wa Lamu, nao najua siuponyi. Ndimu na chumvi, ukwaju na majivu, vyote vinafaa kwa sinia. Kwa ala havifai, kwa kuwa maji yake hupenya chini ya pete na kubaki yakila ngozi na shaba kwa pamoja. Brasso ina amonia inayobadilisha rangi ya ngozi, na unga wake hukauka mweupe ndani ya matundu ya mshono usitoke tena. Ikiwa lazima uing'arishe, kata kipande cha plastiki nyembamba ya faili, kisukume katikati ya shaba na ngozi, na utumie dawa kidogo kiasi cha kutoona majimaji. Kisha nta juu ya chuma, ili usirudie mwakani.

Kupaka: nini, na kiasi gani

Mafuta ya nazi yana sifa moja nzuri, kwamba kwa sehemu kubwa hayachachi upesi kama mafuta mengine ya kula. Lakini kwa joto letu ni maji matupu. Hupenya mpaka kwenye mbao na gundi, na kuvu huyafurahia. Simsim, zeituni na mafuta ya kupikia hukamata hewa, huwa mazito, hunata, na baada ya mwaka ngozi huwa nyeusi na ngumu. Samli sitaieleza, mende watakueleza. Sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ni ya mbao za jahazi, na mwenye jahazi haleti chombo chake ukumbini. Vaselini haiozi, ila haikauki pia, na kila vumbi linalopita hupata makao. Mafuta ya taa huyayeyusha yale mafuta mazuri yaliyotiwa na mdabaghi mwenyewe. Dawa ya viatu yenye rangi huziba nakshi, na kanzu nyeupe ya bwana harusi italipa.

Kinachofaa ni nta nyingi na mafuta kidogo, kwa kuwa ala inatakiwa ibaki ngumu. Ala iliyolainishwa hulegea mdomoni, na upanga huanza kucheza ndani na kukata mbao. Pima kwa uzito gramu 20 za nta safi ya nyuki, gramu 20 za lanolini (nta ya manyoya ya kondoo; duka la dawa huwa nayo, kwa akina mama wanaonyonyesha), na gramu 20 za mafuta meupe ya madini yasiyo na manukato. Weka katika kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka ikifika kama nyuzi 63 za sentigredi. Koroga, ipua, iache igande. Usiongeze tapentaini karibu na jiko la makaa.

Chukua kiasi cha punje ya choroko kwa kila sentimita 15 za ala. Ala nzima ya sentimita 90 haitakula zaidi ya punje sita za namna hiyo, pungufu sana ya kijiko cha chai. Ipashe kwa vidole ndani ya kitambaa, ipake nyembamba, acha nusu saa, kisha futa kana kwamba umekosea na unataka kuitoa yote. Kesho yake isugue kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Ukibonyeza gumba na likaacha alama, umezidisha.

Asiyetaka kupika anunue nta ya madini iliyo tayari, kama Renaissance, iliyobuniwa katika maabara ya British Museum kwa kazi za namna hii. Haina asidi, haichachi, na mkebe mdogo hukaa miaka. Kwa upanga wa kutundikwa ningechagua hiyo bila kufikiri.

Upanga unaoshikwa kila harusi, mara moja kwa miaka miwili. Unaokaa kabatini, subiri tone la maji likuambie.

Mpini

Mpini una adui ambaye ala hana, nao ni kiganja. Jasho ni chumvi na mafuta, na mpini wa upanga unaochezwa juani hukusanya utando mweusi unaong'aa ambao watu huuita ukale. Ni uchafu. Uondoe kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 iliyokamuliwa, ukibadilisha pamba kila inapochafuka, na uache mara inapoanza kutoka na rangi ya ngozi.

Ndani ya mpini kuna msuka wa chuma, na maji yanayoingia chini ya ngozi huufikia. Kutu hukua kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo msuka hupanuka, mti hupasuka, na ngozi hufunguka kutoka ndani. Ukiona ufa mrefu unaofuata urefu wa mpini, pamoja na unga wa kahawia karibu na upanga unapoingia, ujue tatizo haliko kwenye ngozi na nta haitalifikia. Kwa sababu hiyo hiyo mpini wenye uzi wa fedha hauguswi kwa maji. Uchafu uliojikita kati ya nyuzi utolewe kwa kijiti cha mti na subira.

Ngozi ikiwa imeachia kidogo kwenye mshono wa upanga wa kawaida, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti, safu nyembamba sana, ufunge kwa utepe wa pamba ulioviringishwa kwa kukazwa, saa 24. Gundi za sekunde hupenya, hukauka kama kioo, na hubomoka na ngozi. Nta kwenye mpini iwe nusu ya ile ya ala, tena ya madini. Mpini unaoteleza mikononi mwa kijana anayeurusha upanga juu mbele ya kadamnasi haufai kufikiriwa.

Mahali pa kuukalisha

Upanga na ala yake visilale pamoja. Hili wengi hawalipendi, lakini ngozi ina tanini na chumvi, na huvuta maji kutoka hewani na kuyabandika kwenye chuma mchana na usiku. Kila kimoja kizungushiwe kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, bila dawa ya kulainisha nguo, vilazwe sambamba. Plastiki hapana: hufungia unyevu ndani.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua maji na chumvi. Upanga uliotundikwa ukigusa ukuta huota koga upande wa nyuma, ambao hakuna anayeuona. Weka vipande vya kizibo nyuma yake, nafasi ya sentimita 3. Kidaka cha ukutani kinapendeza kwa sahani. Kwa ngozi hakina hewa ya kutosha. Kasha ni zuri wakati wa kaskazi, ila kuanzia Aprili lifunguliwe kila wiki, au uweke ndani vifuko vya silika (chembe za kunyonya unyevu), gramu 200 kwa kasha la kiasi, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 50 hadi 55. Chini ya 40 utaanza kupata zile nyufa za nchi za baridi. Silika ikishiba, ipashe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili. Mchele haufai, una vumbi, na huwaalika wadudu.

Wadudu wakishaingia, yaani matundu madogo kwenye ngozi mbichi, unga mpya kila asubuhi au maganda ya viluwiluwi, funga ala katika plastiki mbili, toa hewa, na uilaze kwenye friza ya kulala yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au kali zaidi, kwa wiki mbili. Ikitoka ikae imefungwa siku nzima mpaka irudi joto la chumba, ili umande uote nje ya plastiki na si juu ya ngozi. Mwenye friza ya samaki na ajulishwe mapema kilichomo.

Na upanga uliokwama? Usiuvute, wala usigonge mdomo wa ala kwa nyundo. Uliokwama Mei mara nyingi umekwama kwa mbao zilizovimba, si kwa kutu. Uweke chumba kikavu chenye feni, ala ikiwa imelala, na usubiri wiki mbili tatu. Kaskazi ikiwa haiko mbali, isubiri hiyo. Usipolegea, dondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani juu ya bapa mahali linapoingilia mdomoni, upanga ukiwa umesimama na mpini juu, kesho yake matone mawili tena, kisha jaribu kuusukuma ndani milimita moja kabla ya kuuvuta. Ukisikia ngozi inalia, acha.